Chupa ya Mtoni Nyuma ya Maziwa

Jumapili moja mama mkwe wangu aliua viumbe wasiohesabika jikoni kwangu kwa sabuni ya vyombo, halafu akajipongeza kwa usafi.

Sitanii. Subirini niwaeleze.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mwaka na nusu. Jioni nasoma, mchana ni kibarua kwenye kituo kinachopima maji ya mto. Kazini wananiita Mama Chupa, maana nilianza kwa kuosha chupa.

Kila mwezi tunakwenda na boti mahali palepale. Tunashusha sahani nyeupe kwa kamba tuone inapotelea kina gani, ndipo tujue maji yana weupe kiasi gani, kisha tunaburuta wavu laini kama soksi, unaonasa vijimea na vijidudu ambavyo jicho tupu halivioni.

Wakati wa mvua mto ni tope tupu, jua halipenyi, wakazi wanaadimika. Kiangazi maji yanatulia, yanapata ukijani, na humo ndani ni msongamano kama stendi.

Ulibaki mwezi mmoja tutimize mwaka wa vipimo. Bosi wetu, Jicho Moja (lile jingine hulifumba kutwa nzima juu ya hadubini), akaniambia, "Safari hii chota wewe. Ukifanikiwa, nakuombea ajira ya kudumu. Ukiharibu, mchoro wa mwaka mzima una pengo, na mimi sina la kukutetea."

Jumamosi nikachota, safi kabisa. Kurudi, injini ikatuzimikia katikati ya mto. Tulipofika kituo kimefungwa, mwenye funguo keshajiondokea.

Sampuli inataka baridi na giza. Nikaibeba nyumbani, nikaisukumia kwenye friji nyuma ya maziwa. Chupa ya kahawia, haionyeshi ndani. Lebo sikubandika, zimefungiwa ofisini.

Nikajisemea, nani ataigusa?

Nani? Mama mkwe!

Alikuwa kwetu wiki ya tatu, anamuuguza mjukuu wake aliyekuwa anaharisha, anapoa, anaharisha tena. Na mkosaji alishampata.

"Ni hayo madudu yako ya mtoni," aliniambia. "Unamshikia mtoto kwa mikono hiyohiyo."

Nilisugua mikono mpaka ikachubuka. Ikafika mahali nambeba mwanangu nimevaa glovu. Akawa ananiangalia kama anayeuliza, mama, na mimi nimekuwa sampuli?

Jumatatu nikapeleka chupa kazini, kifua mbele.

Jicho Moja akadondosha tone kwenye kioo cha hadubini, akainama. Akaongeza tone jingine.

"Mama Chupa."

"Abee bosi."

"Huu mto umesimama lini?"

"Haujasimama, bosi."

"Basi viluwiluwi wa mbu wametoka wapi? Hawa ni wa maji yaliyolala. Na huu utelezi wa kijani ni wa chombo kisichosafishwa. Umechota wapi?"

Nikatoka nje, nikapiga simu.

"Mama, shikamoo. Ile chupa ya kwenye friji..."

"Marahaba mwanangu. Ilikuwa na maji machafu, nikamwaga. Nimeisugua mara tatu, inang'aa!"

"Ukaweka maji gani?"

"Ya tangi letu, matamu. Hayohayo anayokunywa mjukuu wangu. Hayahitaji hata kuchemshwa."

Nikakaa chini, palepale kwenye kokoto.

Nikarudi ndani. Ningeweza kusema boti ilipita kwenye dimbwi, na Jicho Moja angeliandika. Lakini mchoro ungedanganya, na mwanangu angeendelea kunywa.

Nikasema yote. Friji, maziwa, mama mkwe, mpaka glovu.

Jicho Moja akafumbua jicho la pili. Nilikuwa sijawahi kuliona.

"Mto upo," akasema. "Boti imetengenezwa. Nenda ukachote upya, na kwenye fomu uandike tarehe ya leo na sababu. Yote."

"Hata mama mkwe?"

"Hasa mama mkwe."

Nilipofika nyumbani nikapanda ngazi kwenye tangi. Mfuniko ulishapeperuka zamani. Ndani, zulia la kijani.

Kesho yake nikampeleka mama mkwe kituoni, na maji ya tangi mkononi. Akainamia hadubini, akaruka nyuma.

"Ana ndevu!"

"Ndiyo, mama."

"Na alikuwa kwangu? Bila hata kubisha hodi?"

Tangi likasuguliwa, likafunikwa, maji yakachemshwa. Wiki ileile tumbo la mwanangu likatulia. Nilimbeba mikono mitupu, nikalia kidogo, nikacheka zaidi.

Ajira nikapata. Jicho Moja alisema wachotaji wapo wengi, wanaoandika sababu ya kweli ni wa kutafuta.

Na mama mkwe? Sasa kila Jumatatu ananikabidhi chupa ya tangi la jirani, ina lebo, tarehe na saa. Juzi kanifokea mbele ya watu kwamba mwandiko wangu kwenye lebo hausomeki.

Ninachowaachia ni hiki: bandika lebo kabla ya kufunga mlango wa friji. Na ukiharibu, sema mapema. Mimi ningenyamaza kulinda kazi, mwanangu angekuwa bado anakunywa lile zulia.