Mkono Nilioushika Bondeni

Kama unataka kuniambia nilikuwa nimechoka, au kwamba jua lilinipiga kichwani, acha kusoma hapa hapa. Nimeambiwa hayo hadi yamenikera. Haya yalinipata mimi, saa tisa mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Tulitoka watu tisa wa kanisa letu hapa Kimumu, Eldoret. Mmoja alikuwa mdogo wangu Nekesa, aliyekuwa amekuja kwangu kutoka Bungoma kutafuta kazi. Hakutaka kwenda, mimi ndiye niliyemlazimisha. Kiongozi wetu, kijana tuliyemwita Coach, alisema ni matembezi mepesi: unashuka bondeni, unapita kijiji cha zamani kilichohamwa, unaona mapango, unazunguka na kutokea pale pale ulipoanzia. Na kweli njia ilikuwa rahisi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana hata mtoto hangepotea.

Pale kijijini hakukuwa na kitu ila misingi ya mawe na mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. Coach akatusimamisha, akaanza kutuhesabu kwa kidole. Yule mama akakunja uso.

"Wewe, watu hawahesabiwi. Waite majina, kila mtu aitike."

"Mama, wacha tu, hii ndiyo kazi yangu," Coach akamjibu akicheka.

Na mimi je? Nilijua. Kwetu nyanya hakukubali mtu ahesabu watoto wake, alisema ukiwahesabu unawaitia balaa. Lakini niliona haya kuonekana mshamba mbele ya watu wa kanisa, nikanyamaza.

Tulipotoka mapangoni, njia ilianza kupanda. Nikasikia Nekesa akiniita nyuma. Nikageuka, nikamwona, nikasema, "Twende, tunaachwa," nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, nikadhani ameshika maji ya pangoni. Niamini, nilipanda naye kilima chote nikimpigia stori, naye akiitikia "mm" tu.

Kule juu Coach akahesabu. "Tisa. Tuko sawa."

Nikauachilia ule mkono nifungue chupa ya maji. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu kando yangu. Coach akahesabu tena, akapata wanane. Unajua alisema nini? Eti labda alikosea mara ya kwanza. Na wenzangu wote walikuwa wamemwona Nekesa akipanda nami!

Tulirudi mbio. Nekesa alikuwa ameketi mlangoni mwa pango, kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kusimama. Hakulia. Aliniangalia tu.

"Dada, nilikuita. Ukageuka, ukaangalia huku, ukasema twende. Halafu ukashika mkono wa mwingine."

"Mwingine gani?"

"Sijui. Alikuwa amenipa mgongo. Amevaa kama mimi."

Coach bado anapeleka watu kule kila Jumamosi, na tukikutana ananiambia nisimharibie jina. Jina! Yeye aliyeshindwa kuita majina tisa. Nina hasira naye, na nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Kwa hiyo ukienda bondeni na mtu wako, usitosheke na hesabu ya mwingine. Mwite, mwangalie usoni, ngoja aitike.

Nekesa alirudi Bungoma wiki ile ile. Nikimpigia simu anauliza ni nani.

"Ni mimi, dada yako. Kwani hunijui?"

"Hata wewe siku ile ulidhani unanijua."