Siku Adela Alipofanywa Watu Wawili

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na wewe ulikuwepo, umelala mgongoni kwangu. Nilikuwa mke mgeni katika ukoo wa baba yako hapa Nyakitonto. Kazi yangu kikaoni ilikuwa kumimina chai na kufunga mdomo. Ya kwanza niliiweza.

Ukoo ulikuwa na shamba la maharage tuliloliita shamba la ada. Kila Jumamosi nyumba zote zililima pamoja, na mavuno yalisomesha vijana wetu. Shangazi yako Adela, wakati huo ana miaka ishirini na kitu, hakukosa hata siku moja. Unamjua: alizaliwa na hali ambayo madaktari huiita Down, ulimi mzito kidogo, kujifunza kwake taratibu. Lakini jembe halikumshinda. Wengi waliovaa joho la chuo, jasho lake limo.

Mwaka ule lilifunguliwa darasa la watu wazima kama yeye kule Kabanga, la kusoma na kushona. Adela akalitaka kuliko kitu chochote. Kila gauni la dukani mikono yake ilimpita vidole, na alikuwa amechoka kukunja. Wazazi wake walishafariki. Bila hela za shamba lile, asingekwenda.

Siku hiyo ombi lake likafika kikaoni. Baba yake mkubwa, Filipo, akaanza: "Adela ni mtu mzima. Ada ni ya watoto, shule imeshampita."

Baba yake mdogo, Gaspari, akadakia: "Kweli kabisa, kaka. Tena yule ni mtoto, apande gari peke yake mpaka Kabanga? Si atapotea!"

Wakatikisa vichwa, eti wamekubaliana! Niling'ata mtandio nisicheke, kisha hasira ikanipanda, maana Adela mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anasikia.

Bibi Skolastika, mkubwa wetu sote, akaweka kikombe chini. "Nyie wanaume, mbona nasikia Adela wawili? Kuna mtu mzima asiyestahili ada, na kuna mtoto asiyeweza safari. Anayelima shamba ni yupi kati yao, nimshukuru? Muulizeni, si huyo hapo."

Filipo akajikaza. "Adela, mwanangu, unataka nini?"

Adela akasimama, akatafuta maneno bila haraka. "Nataka kusoma. Msiponipa, Jumamosi silimi."

Kikao kizima kiliangua kicheko, Filipo naye akacheka, na hela zikatoka, muhula baada ya muhula. Wiki ya kwanza Gaspari alimsindikiza. Ya pili, Adela akamwambia abaki nyumbani.

Sasa shamba ni lenu, mwanangu. Nimesikia kwenye grupu la ukoo mnataka ada ikome mtu akifika miaka kumi na minane. Fikirini tena. Kuna watu hujifunza taratibu, na wanakuwa tayari wakati wenzao wameshamaliza. Watengeeni fungu lao kila msimu, lisiwe la kuonewa huruma mara moja kisha basi. Na kabla hamjaamua mtu anaweza nini, muulizeni mwenyewe, halafu msubiri amalize kujibu.

Mungu akubariki mikono na mazao, akufikishe kwenye uzee mrefu. Na siku watakapoanza kukuita mtoto na wewe, akuwekee karibu mtu wa kukuuliza unataka nini.