Mlima Ule Una Wenyewe

Nilikuwa jikoni napara samaki, magamba yamenijaa hadi viwikoni, simu ilipolia. Alikuwa binti wa rafiki yangu wa safari, yule mama wa Milimani, hapa Kisumu, ambaye nimekuwa nikimtaja katika safu hii bila kumwomba ruhusa. Mama alilala jana akiwa mzima, akaniambia, na leo hakuamka. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, kisha, nisiwafiche wasomaji wangu, nikamkasirikia marehemu, kwa maana tulikuwa tumepanga kwenda Usenge na alikuwa ameshatia gari mafuta. Jioni binti alipiga tena, sauti imemkauka. "Aunty, uko na picha ya mum? Tumetafuta nyumba yote. Ni milima tu. Milima na maji." Huku kwetu mtu hazikwi bila picha kubwa ya fremu kutangulia jeneza, na watoto walikuwa wamepata ya arusi, ambayo wajukuu hawakumtambua, na ya kitambulisho, ambayo humfanya kila Mkenya aonekane mshukiwa. Nilimwambia ipo moja nzuri, ila haiko kwangu. Iko ukutani mwa bibi mmoja upande wa Homa Bay ambaye siku tulipokutana naye alituona wezi.

Rafiki yangu alikuwa na duka la dawa pale Mamboleo kwa miaka mingi, na kazi ya duka la dawa, alivyopenda kusema, ni kusikiliza watu wakikohoa. Alipofiwa na mumewe aliliuza, akanunua kamera yenye lenzi ndefu, akalisafisha lile gari lao dogo la kijivu na kuanza kutembea nchi. Wengine wakistaafu huenda Mombasa kulala kwenye mchanga. Yeye alitaka barabara ya Katito na Kendu Bay, chupa ya chai kati ya viti, njugu kwenye gazeti, na mimi kando yake nikiwa na kazi moja tu, kusema "simama hapo" kabla hatujapapita. Sharti lake lilikuwa moja: picha isiwe na mtu. Aliwaona watu wa kutosha Mamboleo. Nimewahi kukaa juani mpaka nikaumwa kichwa, yeye akisubiri mwendesha boda boda amalize kupita, kisha ng'ombe, kisha mwenye ng'ombe, kisha mama mmoja anayemuuliza mwenye ng'ombe habari za nyumbani. "Ninataka mandhari," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chakula hotelini. Picha zake zilikuwa nzuri ajabu, nazo ziliniacha na wasiwasi kidogo, kana kwamba wakazi wote wa ziwani walikuwa wamehamishwa.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tumeipita Kendu Bay, ziwa likiwa mkono wa kulia, na mbele yetu kukatokea mlima wa ncha, wa kijani kibichi baada ya mvua, na shamba likishuka kutoka miguuni pake hadi barabarani, limezungushiwa mkonge. Sikuhitaji kusema simama. Alisimamisha stendi ya kamera ukingoni mwa shamba, akafunga jicho moja, akaanza kubofya. Alikuwa bado anabofya, mlango wa nyumba ya mabati ulipofunguka na bibi mmoja akaja kwetu kwa mwendo wa haraka, jembe begani, akazungumza nasi kwa Kiswahili mara tu aliposikia sisi wenyewe tukikizungumza.

"Ni nani amewatuma? Ni ule kijana yangu wa Nairobi?"

"Hakuna aliyetutuma, Mama," rafiki yangu akasema. "Tunapiga picha ya mlima tu."

"Ya mlima!" Bibi aligeuka akautazama, kana kwamba huenda umebadilika tangu asubuhi. "Hiyo mlima iko hapo tangu niolewe. Hakuna mtu amewahi kutoa gari Kisumu kuja kuiangalia bure. Nyinyi ni maburoka wa kuuza mashamba."

Hapo ndipo nilipouona ukuta wa nyumba yake ulioelekea barabarani, umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: SHAMBA HILI HALIUZWI. Tulikuwa tumelipiga picha shamba hilohilo, na maandishi yale rafiki yangu alikuwa ameyakwepa kwa makusudi kwa sababu yaliharibu mandhari. Ilitubidi tusimame tusikilize. Shamba la jirani yake liliuzwa na mtoto aliyekuwa mjini. Kwanza likaja gari, likapiga picha, likaondoka kwa adabu. Picha ikazunguka kwenye simu za watu, shamba zuri, liko wazi, halina mtu. Mwenyewe alikuja kujua siku wanunuzi walipofika na vigingi vya mpaka. Bibi alilisimulia hilo bila kupaza sauti, huku mkono wake mmoja umeshika mkonge. Aliogopa kwelikweli. Mume wake amezikwa pale, hatua chache kutoka mlangoni, na hana mahali pengine.

Rafiki yangu alijitolea kuzifuta picha zote mbele yake. Bibi akakataa. Kufuta si kitu, alisema, hizi kamera zinaficha vitu. Alitaka tupige nyingine, yeye akiwa ndani ya picha, ili mtu akija na picha ya shamba lisilo na mtu, naye awe na yake. Akaniamuru nishike kamera mimi. Alijipanga mwenyewe: kaburi liko huku, mlima nyuma, mpaka wa mkonge uonekane wote. Kisha akamwita rafiki yangu. "Na wewe kuja hapa. Nikipoteza shamba, nijue nilikuwa naongea na nani." Rafiki yangu, ambaye hata kwenye arusi ya mwanawe alijificha nyuma ya keki, akasimama. Bibi akamkamata kifundo cha mkono, kama askari aliyempata mtu na mzigo, nami nikabofya. Wakati ule ule rafiki yangu alishikwa na kicheko. Ndiyo picha hiyo. Tulipotaka kuondoka bibi akaichukua ile stendi ya kamera, akaiingiza ndani na kufunga mlango. "Mtaipata mkileta picha yangu. Watu wa kamera husema watarudi."

Tulirudi, na fremu. Bibi aliichunguza mkonge kwa mkonge, akaridhika, akatutolea stendi yetu ikiwa imetumika kuanikia vitambaa, na akatupikia kuku. Rafiki yangu, akiona alivyotoka mdomo wazi, alikuwa ameifuta kwenye kamera mara tu ilipochapishwa. Lakini tangu siku hiyo likizo zetu zilibadilika. Tukiona mahali pazuri, alizima gari na kamera ikabaki kwenye kiti, tukaenda kubisha hodi kwanza. Tulichelewa kila mahali. Tulikunywa uji wa watu wengi. Binti hakuifungua albamu ya mwisho; angeifungua angeona: milima ni ileile, ila chini yake kuna mtu amesimama mbele ya kilicho chake, amechana nywele, amekunja uso. Niliwahi kumwambia marehemu kwamba hizi ndizo nzuri. Alinijibu kwamba najipendekeza kwa sababu ya kuku.

Basi nilimpigia simu bibi kumwambia msiba na kumwomba picha. "Yule wangu wa kemisti," akasema, "pole, nyathina, mtoto wangu." Kisha akakataa kumpa mtu fremu yake. Alikuja nayo mwenyewe, imefungwa kwa leso, akaipakata siku nzima mstari wa mbele, na jeneza lilipotoka ni yeye aliyetangulia nayo. Waombolezaji waliuliza kwa minong'ono huyo bibi mwingine kwenye picha ni dada wa marehemu au ni nani, na mbona amemshika hivyo. Sikuwaeleza. Nilikuwa nalia na kucheka kwa zamu.

Tulimzika kwenye boma la mumewe, Siaya, nyumba nzuri iliyofungwa madirisha kwa miaka, nyasi zimefika mlangoni. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, bibi alibaki akizitazama zile nyasi. "Hapa nani anaishi?" akauliza. Watoto wa marehemu wakatazamana. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Eldoret, binti yuko Kisumu. Bibi akawashika mikono mmoja mmoja, kwa mkamato ninaoujua, akawapanga kando ya kaburi la mama yao, nyumba nyuma, mwembe wa mpakani uonekane. "Mpigwe picha," akasema. "Mtu asikuje kusema hapa hakuna watu." Nikaichukua kamera ya rafiki yangu na kuwapiga, macho yao yamevimba, wamebanana.

Nchi yetu hii ni nzuri, wasomaji wangu, na mafuta ya gari hayatumiki vibaya mkienda kuitazama. Bisheni hodi kwanza. Na kama kuna boma lenu mahali ambapo hakuna anayesimama, msimwachie mpita njia alione zuri kabla yenu. Nendeni mkasimame.