Mwisho wa Senema Nilioutunga Mimi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sidhani kama nitaisahau. Nilikuwa nimekaa jamvini hapa Ole, mimi na wanawake wenzangu, rundo la karafuu mbichi katikati yetu, nikaulizwa swali dogo tu: huyo mtu wa Unguja aliyekuhadithia mwisho wa senema anaitwa nani? Lakini nisikimbilie huko. Nianze pale nilipokuwa na kichwa kikubwa.

Jua kwanza kwamba sikuwa mtu hivi hivi. Miaka ya vita vikuu vya pili nilikuwa mwanamke kijana, nina mume na mtoto mmoja, na kwa habari za senema Ole nzima hakuna aliyenifikia. Ukumbi wa senema mjini Chake ulikuwa na siku yetu wanawake, mchana baada ya sala ya adhuhuri. Tulivaa mabuibui yetu tukapanda gari la abiria, tukarudi kabla ya magharibi. Wasiopata ruhusa walinisubiri mimi. Kesho yake, kwenye kuchambua karafuu, mikono ikitenga karafuu na vikonyo vyake, mimi niliwapa picha nzima kuanzia mtu wa kwanza kutokea. Aliyelia nilimlilia, aliyechechemea nilichechemea. Watu walisema afadhali kumsikiliza Saumu kuliko kwenda Chake. Najivunia hilo mpaka leo, wala simwombi mtu radhi.

Basi ikaja senema ya kutisha. Kizungu chake hatukukielewa hata neno, lakini haikuhitaji maneno. Mume kafa, kazikwa, na siku ya tatu karudi kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mkewe, akawa anagonga. Mke akainuka, akaja polepole, na papo hapo utepe wa picha ukakatika. Taa zikawaka. Fundi wa mashine akahangaika nao, akakikata kipande kibovu, akaunga palipobaki pazima. Picha iliporudi ilikuwa asubuhi, nyumba tupu, majirani wanatazamana. Ukumbi mzima tulipiga kelele: mwanamke kaenda wapi?

Mwanangu, tulibishana wiki mbili. Bi Riziki, mwenzetu aliyekuwa akifagia ukumbi ule, aliokota kipande kilichokatwa akatuletea kimefungwa kwenye pindo la kanga. Tulikiinua juani kwa zamu. Vilikuwa vipicha vidogo kama ukucha, na ndani yake mlango, komeo, na mkono wa mwanamke juu ya komeo. Sasa ule mkono ulikuwa unafungua au unafunga?

"Anafunga huyo," alisema Bi Riziki. "Hebu tazameni vidole vilivyokaza."

"Mumewe huyo! Atamfungiaje mumewe?" akajibu mwingine.

"Mie naona kasoma dua, na yule maiti kageuka jivu," alisema Mwanakombo, jirani yangu na shoga yangu, mtu mwoga aliyeogopa hata kivuli cha paka.

Kila mmoja alikuwa na mwisho wake, na hakuna aliyeniuliza mimi. Hilo ndilo lililonichoma. Nikajikohoza nikasema, "Mnajisumbua bure. Mie nimehadithiwa na mtu wa Unguja aliyeiona nzima, haijakatwa."

Wote wakanigeukia. Nami nikautunga mwisho palepale, neno likivuta neno. Niliwaambia yule maiti hakugonga tu, alipiga hodi, na alipiga kwa sauti ya jamaa wa yule mwanamke. Ndivyo wafanyavyo wafu wanaorudi, nikasema. Hupiga hodi tatu kwa sauti ya mtu unayempenda, mchana kweupe, na ukiitika karibu tu, umekwenda naye. Nilipomaliza, wanawake walikuwa wamejikunyata na kanga zao. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo, nimeridhika kabisa.

Baada ya siku chache mvua ikanyesha tangu asubuhi. Ilipopumzika kidogo, majirani wote tulikimbilia mashambani kuokoa karafuu zilizoanguka. Mwanakombo alibaki peke yake kwa sababu mwanawe alikuwa na homa. Mchana ule mjomba wake Faki alikuja kutoka Kengeja, amelowa chapachapa, ametumwa na ukoo. Mama yake Mwanakombo ameshikwa na maradhi ya ghafla, anamwita mwanawe kwa jina, anasema ana neno anataka kumwambia.

Mzee Faki alipiga hodi ya kwanza. Mwanakombo ndani akaijua ile sauti, akakumbuka maneno yangu, akaenda kuutia mlango komeo. Hodi ya pili, akajiziba mdomo kwa kiganja. Hodi ya tatu, akamfunika mtoto kwa kanga ili asilie. Nawe unajua adabu yetu: mtu akipiga hodi tatu asiitikiwe, huondoka, hachungulii nyumba ya watu. Mzee alidhani na yeye yuko mikarafuuni. Akaenda zake kuwahi gari la mwisho la Kengeja.

Habari zilimfikia Mwanakombo kesho yake kwa mdomo wa dereva wa gari hilo. Mwanakombo alifika Kengeja akamkuta mama yake yu hai, macho yamefunguka, anamtazama, lakini ulimi umekufa. Alimkamata mkono siku tatu. Ya nne mama akafariki bila kutoa neno.

Alipomaliza matanga alirudi Ole, akaja kwenye kuchambua kama kawaida, amekonda. Hakunilaumu, mwanangu, na hilo ndilo lilikuwa zito. Aliniamini bado. Alinigeukia mbele ya watu akasema, "Saumu, muulize yule mtu wako wa Unguja. Yule mwanamke alijuaje kwamba sauti ni ya maiti? Mie ningepaswa kujuaje?"

Nilifungua mdomo, na nisikufiche, uwongo wa pili ulikuwa tayari ulimini. Bi Mize, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa ananitazama bila kupepesa. Hakupandisha sauti.

"Huyo mtu wa Unguja anaitwa nani, mwanangu?"

Nilitazama vikonyo mikononi mwangu. Nikasema, "Hana jina, Bi Mize. Hayupo. Mwisho ule nimeutunga mie. Picha ilikatika, na mie sikuona zaidi ya mlivyoona nyinyi."

Hakuna aliyenitukana, na heri wangenitukana. Bi Mize alisema, "Kutunga si haramu, Saumu, na wewe umejaaliwa. Lakini ulipotia kiraka chako, ungetwambia ni kiraka." Mwanakombo alichukua kikapu chake akahamia upande wa pili wa jamvi. Akakaa huko msimu mzima. Nililia kila siku, na kila siku nilikwenda nikakaa mahali pangu, kwa maana sikutaka waseme Saumu kakimbia.

Tangu hapo nikisimulia, nilisema: hapa nimeona, hapa sikuona, na haya ninayoongeza ni yangu. Unadhani walinichoka? Walizidi kuja! Hata wanaume waliokwenda Unguja kuona senema wakabishana wao kwa wao, walituma wake zao waje kuniuliza.

Msimu uliofuata, Mwanakombo alikuja na kikapu chake akakaa ubavuni mwangu bila salamu. Tulichambua muda mrefu. Kisha akaniuliza, polepole wasisikie wengine, "Saumu, wewe unajua miisho yote. Mama alitaka kunambia neno gani?"

Mwanangu, kifuani mwangu yalijaa maneno kumi, yote matamu, yote yangemfaa. Amekusamehe. Amekuombea. Amekuachia radhi zake. Ningemwambia moja tu angelala usingizi, wala hakuna ambaye angenikamata.

Nikamwambia, "Sijui, Mwanakombo. Wallahi ningejua ningekwambia."

Akalia. Lakini alilia kaegemea bega langu, na alipofuta machozi alisema, "Ungeniambia lolote jengine, nisingekaa tena jamvi moja nawe." Nimesifiwa mara nyingi katika maisha yangu kwa kusimulia. Sifa niliyoipenda kuliko zote ni ile.

Basi sikia, mwanangu, wewe uliyepewa ulimi mwepesi kama wangu. Simulia, tia chumvi, fanya watu wacheke na watetemeke, hiyo ni haki yako. Lakini usimvishe shahidi asiyekuwapo maneno ya kichwa chako, kwa sababu hujui nani atayabeba mpaka nyumbani kwake. Na siku mtu atakapokuuliza usilolijua, sema sijui, useme ukiwa umeinua uso, maana si aibu hata kidogo.

Mungu akuzidishie maneno mazuri, akujaalie watu wa kuyasikiliza, na kila atakayekukabidhi msiba wake aondoke kwako na ukweli mtupu mkononi. Amin.