Yoga Tatu na Kiti cha Plastiki

Kiti cha plastiki ndicho kilichonipeleka kwenye yoga. Magoti yangu yalipogoma kukunjika nikawa naswali nimeketi, nyuma kabisa ya safu za wanawake, pamoja na bibi mmoja aliyenizidi umri maradufu. Wenzangu wakisujudu, mimi nabaki juu nikiinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Iliniuma sana. Daktari wa Bagamoyo hakuumia hata kidogo. Alinitazama kutoka upande huu mpaka ule, akachukua muda maana safari yenyewe ni ndefu, akasema nipunguze mwili, magoti yatashukuru.

Binti yangu akanivisha saa yake inayohesabu kalori. Tangu watu wa Dar wanunue viwanja hapa kwetu Mapinga tumepata neema nyingi: kuta ndefu, mbwa wanaolala ndani, na darasa la yoga. Mwalimu wake, msichana mwembamba kama ufito, amejenga pale palipokuwa shamba letu la mihogo. Alitupokea mimi na wifi yangu kwa shikamoo safi, akatueleza kwamba yoga hazilingani. Ipo ya joto, inayochoma kalori kuliko zote. Ipo ya mtiririko, inayoifuatia. Halafu ipo ya kupumzika, isiyochoma kitu cha maana. Najua mchagua jembe si mkulima, lakini nilitaka kushuka kwenye kile kiti kabla ya Ramadhani, nikachagua ya joto.

Yoga ya joto hufanywa kwenye chumba kilichofungwa madirisha na kuwashwa hita. Narudia, hita. Hapa pwani, mwezi wa pili, Mwenyezi Mungu ameshafanya kazi yake yote, na bado watu wanalipa waongezewe. Kumbe miaka yote niliyopika kwa mkaa chini ya bati nilikuwa mwanamichezo na sikuambiwa. Nilitoka jasho mpaka dera likanigandia. Saa ilifurahi, magoti yalikaa kimya. Tukiwa njiani kurudi, wifi akasema tumejitaabisha, tupitie kwenye vitumbua. Tukarudisha vyote vilivyochomwa, na akiba kidogo ya kesho.

Nikahamia kwenye mtiririko. Unainuka, unainama, unarusha mguu nyuma, unainuka tena, wala huambiwi mnaelekea wapi. Mkao mmoja unaitwa mbwa anayetazama chini. Wifi alininong'oneza akiuliza kama udhu wetu bado upo. Jioni goti la kulia likavimba kama fenesi, na saa ikanirushia fataki za pongezi kwenye kioo chake.

Basi nikateremshwa daraja, nikawekwa kwenye yoga ya kupumzika pamoja na wagonjwa na wavivu, wifi akanifuata. Huko ni mito, mablanketi na kuhema. Unakunjwa mguu taratibu, kisha unaachwa hapo mpaka umkumbuke kila mtu aliyewahi kukukosea. Saa iliandika kwamba nimelala. Nilimwambia mwalimu kama kulala kunapunguza mwili, mume wangu angekuwa ameshatoweka. Alicheka, akanisogezea mto mwingine.

Siku moja akatufundisha mkao wa mtoto: piga magoti, kalia visigino, weka paji la uso chini. Mimi niliishia juu ya rundo la mito. Baadaye akasema tuinuke polepole, na hakuna aliyeinuka. Darasa zima la wanawake wa Mapinga lilikuwa limelala kifudifudi, midomo inacheza. Hakuna aliyetuagiza, ila kwetu paji likishuka hivyo ulimi unajua la kusema. Tulimaliza tasbihi zetu, tukabaki tunasubiri takbira. Mwalimu akarudia, akarudia tena. Mwishowe wifi akasema, bila kuinua kichwa, "Mwanangu, sema Allahu Akbar, la sivyo tutashinda hapa."

Mwalimu akasema, kwa haya, na sote tukainuka kwa mpigo mmoja. Nilicheka na wenzangu, lakini nilikuwa na wivu. Wao walikuwa wamefika chini, mimi nilikuwa nimesujudia pamba.

Nikaendelea na uvivu ule kwa hasira. Kila goti lilipolegea kidogo, mwalimu alichomoa mto. Mwili haukupungua, na vitumbua navyo havikupungua.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani nilimkuta yule bibi ameshanifutia kiti vumbi, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Leo nitasimama na wenzangu, bibi." Akakivuta kando kwa mguu. Imamu aliposujudu nikashuka, goti moja, kisha la pili, na paji langu likagusa mkeka. Mkeka wenyewe ulinuka miguu. Nikalia palepale, mpaka nikachelewa kumfuata imamu kuinuka.

Nyumbani binti yangu aliichungulia saa aone mama yake amechoma nini. Hakukuwa na kalori za kutaja. Iliandika kwamba wakati wa swala ya Ijumaa nilikuwa nimelala.