Mtambo Tuliouimbia Gizani

Kuna picha moja niliyoipiga mwanzoni mwa miaka ya themanini ambayo watu wameisifu kuliko kazi zangu zote, na kila ninaposikia ikisifiwa natamani ningeichomoa filamu ile juani ikaungua yote. Ni picha ya mtambo wa kuchimba visima. Umesimama gizani juu ya lori lake, unang'aa kana kwamba umeshuka melini jana. Uongo mtupu. Mtambo ule ulikuwa mzoga, na mimi niliyeupiga picha nilijua ni mzoga.

Nilikuwa na studio mjini Kitui, chumba kimoja chenye stuli, kioo, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Wateja walilipenda sana pazia lile. Mtu anatoka kwao ambako mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, anakuja kwangu kusimama mbele ya maji ya rangi. Nilikuwa nacheka zamani.

Kupiga picha usiku nilijifunza kwa shida, si kwa kupenda. Kanisa letu la nyumbani, mbele kidogo ya Zombe, lilifanya mkesha, na kwaya ikataka picha ya ukumbusho. Flashi yangu ikagoma. Stima haikuwapo, na zile taa za mafuta zilitosha tu kumwonyesha mchungaji ukurasa. Nikaiweka kamera juu ya meza, nikafungua mlango wa lenzi na kuuacha wazi, nikaazima tochi ya mlinda mlango. Kisha nikawa natembea mbele ya wanakwaya nikiwapaka mwanga safu moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Saa yangu sikuiona gizani, kwa hiyo nilipima muda kwa kuimba kimoyomoyo: ubeti mmoja kwa kila safu. Niliposafisha filamu nilikuta watu wote wametokea vizuri, isipokuwa mwimbaji mmoja wa besi aliyepiga chafya akapata vichwa viwili.

Basi nikanogewa. Nilitaka kuimudu kazi hiyo, na kwa kujifunzia nilihitaji vitu visivyopepesa macho wala kupiga chafya. Nikakumbuka yadi ya magari mabovu ya serikali, nje kidogo ya mji.

Yadi ile mchana ilinitia uchungu hata kabla sijaanza kuipiga picha. Landrova zisizo na milango. Greda lililolala ubavu mmoja. Ambulensi ambayo mgunga ulikuwa umeota ndani yake ukatokeza tawi dirishani, na mimi niliwajua wanawake waliobebwa kwa kitanda cha kamba kwenda kujifungua kwa sababu hakukuwa na gari. Vyote hivyo vilinunuliwa kwa jina letu. Vilikufa kwa kukosa kitu kidogo, mkanda au betri, kisha vikaanza kuliwa: leo gurudumu, kesho redieta, hadi vikabaki mifupa. Na getini palikuwa na kibao kinachokataza kupiga picha. Kuiba waliona sawa, kupiga picha ndiyo makosa!

Mlinzi wa usiku alikuwa yuleyule mzee wa besi mwenye vichwa viwili. Nilimwendea na picha yake ya mkesha, akacheka hadi akakaa chini.

"Mwiitu wakwa," akaniambia, maana aliniita binti yake tangu utotoni, "wewe ingia tu. Hawa wanabeba magurudumu mchana kweupe na hakuna mtu anawauliza. Wewe utaiba nini hapa? Giza?"

Nikaingia, na makosa nikayafanya yote. Nilivaa sweta jeupe, nikatokea kando ya greda kama mzuka. Nilielekeza tochi kwenye lenzi, nikapata mnyoo wa mwanga uliokatiza picha nzima. Nilisimama kati ya taa na gari, nikajipiga picha ya mgongo. Polepole nikajua kwamba taa ikitoka mbele kila kitu kinakuwa bapa, lakini ukiishika chini, ubavuni, kila gamba la kutu linasimama na kivuli chake. Hicho ndicho nilichokitaka. Nilitaka kutu ionekane. Nilipanga kuzitundika picha zile kwenye dirisha la studio, ili mji wote uone tulivyofanyiwa.

Na kuliko gari lolote, niliutaka ule mtambo.

Mtambo ule niliujua. Ulipoletwa, wanawake wa kwetu walicheza tangu asubuhi hadi vumbi likafika magotini, mama yangu akiwa mstari wa mbele. Waliambiwa utachimba kisima cha bomba karibu na shule, na kwamba safari za alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto zimekwisha. Ukachimba kisima kimoja, nyumbani kwa mtu mzito ambaye kila mtu alimjua. Kisha ukaharibika, ukavutwa hadi yadi, na hapo ukabaki. Mama yangu akaendelea kwenda mtoni na punda, mgongo wake ukizidi kupinda. Hata sasa ninapoandika haya damu inanichemka.

Ulikuwa mrefu mno kwa tochi moja. Nikampa mzee tochi ya pili amulike mlingoti, mimi nimulike tangi na injini. Tukakubaliana kupima kwa wimbo: ubeti mmoja, kiitikio kimoja, tunazima. Nilifungua lenzi, tukaanza. Sasa, mzee huyu alikuwa mwimbaji wa kale. Wimbo hakuukimbiza kamwe. Kila mwisho wa mstari aliishika sauti na kuivuta hadi pumzi ikamwisha, kisha akaivuta nyingine, na tochi yake ikitembea polepole vilevile juu ya chuma. Nilipaswa kumkatiza. Lakini sauti ile katikati ya magari yaliyokufa ilikuwa nzuri mno, na mimi mwenyewe nikaingia na sauti ya pili, tukaumaliza wimbo kama tuko ibadani.

Filamu ikapata mwanga kupita kiasi. Nilipoichapisha picha nikapigwa na butwaa. Kutu yote ilikuwa nyeupe. Rangi iliyobanduka ilimeremeta kama fedha. Magurudumu hayakuwapo, lori lilikaa juu ya mawe, lakini huko chini hatukumulika, kukamezwa na giza. Ilikuwa picha ya kupendeza kuliko zote na ndiyo pekee iliyosema uongo. Niliitundika dirishani pamoja na zile za kutu, katikati yake, nikidhani mtu yeyote mwenye akili ataelewa kwamba mtambo nao ni mzoga kama wenzake.

Akaja mkubwa mmoja wa mradi wa maji, ule ulioleta mtambo, kupigwa picha ya pasipoti. Alisimama dirishani muda mrefu. Ambulensi na mti wake aliiruka. Greda aliliruka.

"Hii ni kazi safi sana, mama," akasema. "Nitolee moja kubwa. Wakubwa wa Nairobi wakiona mashini yenyewe iko namna hii, watatoa spea mara moja."

Nilimwamini. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nami nikanyoosha shingo. Nilifanya kazi kwenye chumba cha giza kwa furaha, nikamchapishia picha kubwa, tena bure, nikimfikiria mama yangu.

Picha ile niliikuta tena kwenye maonyesho ya kilimo. Ilikuwa mbele kabisa ya banda la mradi, ndani ya fremu, na chini yake maandishi makubwa: MAJI KWA KILA BOMA. Hapakuwa na neno juu ya spea. Na mbele ya banda, wakiwa na kanga mpya na mitungi mitupu vichwani, walikuwa wanawake wa kwetu, wamesombwa na lori tangu Zombe kuja kuiimbia.

Mama yangu aliniona, akaja mbio na mgongo wake ule.

"Imetengenezwa! Uliiona na hukuniambia!" Akawaita wenzake. "Huyu ndiye aliipiga picha, huyu wangu! Manzi yanakuja!"

Manzi ndiyo maji kwetu Kitui, na alilitamka kama jina la mtoto aliyekuwa amepotea. Nikamshika mikono. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mtambo hauna magurudumu, hauna betri, umekaa juu ya mawe, na kuku wanataga ndani yake.

Alinitazama, akaitazama picha.

"Mwanangu, si iko hapa? Na si ni wewe uliipiga? Wewe hujawahi kupiga picha ya uongo."

Yule mkubwa akacheka kwa sauti, wageni wake wakacheka. "Mama zangu, sikilizeni," akasema. "Mashini iko Tseikuru, kule kaskazini, sasa hivi inachimba. Ikimaliza kule, inakuja kwenu."

Nilipaza sauti. Nilimwita mwongo, na maneno mengine ambayo mwanamke wa kanisa hatakiwi kuyajua. Nikatolewa pale nikiwa nimeshikwa mkono kama mlevi. Wanawake wakaendelea kuimba.

Hasara yenyewe ilikuja baadaye. Kikundi cha mama kilikuwa kimeanza kuchimba silanga, lambo la kukingia mvua, kwa jembe na karai, na walikuwa wamefika kina cha kiuno. Waliporudi kutoka maonyesho waliacha. Kwa nini wajivunje mgongo, na mtambo uko njiani? Nilikwenda kuwabembeleza nikiwa na picha zangu za kutu. Wakazipokea kwa adabu, wakasema hizi ni za zamani, ile ya maonyesho ndiyo mpya. Zote zilikuwa zimepigwa siku zilezile! Mvua ikaja, ikalijaza udongo lile shimo ambalo halikumalizwa, maji yakapita yakaenda zake. Na mzee wangu wa besi alifukuzwa kazi, maana mtu fulani alijiuliza niliingiaje yadi. Yadi ikazungushiwa mabati marefu. Fedha za mabati zilipatikana upesi sana.

Mama yangu aliishi miaka mingine kadhaa. Alikuwa akisikia lori likinguruma barabarani anatoka nje, anakinga jua kwa kiganja, anatazama. Hakuwahi kuniuliza tena. Alikufa akiwa bado anachota mtoni, na siku ya mazishi tulinunua maji ya kupikia waombolezaji kutoka kwenye kile kisima cha mtu mzito.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza, mabati ya yadi yakiwa nayo yameshaibiwa, alipoingia studio mfugaji mmoja mzee aliyekuja na mbuzi wake sokoni. Alitaka picha ya kitambulisho. Nikamkalisha kwenye stuli. Akawa anageuka geuka kutazama kuta, kisha akaniuliza kama mimi ni mtu wa Zombe. Nikamwambia ndiyo.

"Sasa nyinyi watu wa Zombe," akasema, na hakuwa anatania, "hiyo mashini ya maji mtaimaliza lini? Sisi huko Tseikuru tumengoja hadi watoto wameoa. Kila baraza tunaonyeshwa picha yake, inang'aa tu, tunaambiwa iko kwenu."

Niliweka kamera chini. Kisha nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira, na yule mzee maskini akadhani amenikosea, akaanza kuomba msamaha. Nikachukua kamera na stendi, nikafunga mlango, nikamwambia twende.

Tulitembea hadi yadi kwenye jua la saa sita. Mtambo ulikuwa palepale juu ya mawe yake. Mlingoti ulikuwa umekatwa na kuuzwa, na mbuzi walikuwa wamelala kivulini chini ya tangi. Aliuzunguka wote. Alipanda, akagonga tangi kwa fimbo yake, akasikiliza. Akashuka.

"Nipige hapa," akasema. "Hapa hapa. Nitaenda nayo barazani."

Nikampiga kwa jua la mchana, tangu mawe ya chini hadi pale mlingoti ulipokatwa, bila tochi na bila wimbo, yeye akiwa amesimama wima mbele yake na fimbo mkononi. Mwanga wenyewe ulikuwa mbaya, ule ambao mpiga picha yeyote angeukataa, na kila kitu kilionekana.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza itakuwa tayari lini. Nikamwambia kesho asubuhi. Kwa miaka yote ile, hiyo ndiyo ilikuwa ahadi ya kwanza ya kweli ambayo mtu yeyote alipewa kuhusu mtambo ule.