Kidole ya Mama munganga

Mama munganga wa Itebero haulizaka "unaumwa wapi?" Hapana! Anaanzaka na kidole, anapapasa mufupa pole-pole huku anaimba, halafu njo anauliza: "Homa ilianza, ao kidonda?" Juu microbe ya mufupa inapitiaka mu damu ao mu kidonda. Drocella, mugonjwa wake wa siku hiyo, akajibu: homa. Mwaka muzima usaha ilikuwa inatoka mu muguu yake, na baba yake mudogo anasema bakate tu. Mama akaingiza pensi, kakoleo kake kadogo, mu tundu ya usaha, akavuta kapande ka mufupa, keupe, kalikufa zamani. Akaruka kama mutoto! "Dada, njo haka kalikuwa kanaleta usaha! Muguu haitakatwa, itapona!" Drocella akapangusa machozi: "Mama, unipe haka kapande. Nitamuwekea baba mudogo mu sahani yake."